Lulu za Muhogo

Binti yangu aliruhusiwa nusu lita kwa siku ya kila kitu kinachotiririka. Si maji peke yake. Chai, uji, mchuzi, barafu, hata funda la kumezea dawa, vyote vilihesabiwa humo. Nusu lita, Garissa, mwezi wa Machi, wakati hata mbuzi sokoni wanaona uvivu kulia. Figo zake zote mbili zilikufa akiwa na miaka kumi na minne, na chochote alichokunywa kilibaki mwilini mpaka siku ya mashine ya kusafisha damu. Siku za mashine zilikuwa Jumatatu na Alhamisi. Siku zilizobaki kazi yangu ilikuwa kumnyima maji.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefundisha sayansi Griftu, huko Wajir, kwa miaka sita, peke yangu, familia ikiwa kwetu magharibi. Alipougua, kwetu foleni ya mashine ilikuwa ndefu na Garissa nafasi ilikuwepo. Nikaomba uhamisho wa kuja Garissa, nikamleta. Mama yake akabaki na wadogo zake na shamba. Wenzangu wa bara walikuwa wanaandika barua za kuomba kuondoka sehemu hizi, kwa sababu za usalama ambazo sote tulizijua, na mimi nikaandika ya kubaki. Ofisa aliyeipokea aliisoma mara mbili.

Waswahili husema mgonjwa haulizwi uji. Wangu hakuulizwa kweli, ila uji ulipimwa. Kila asubuhi nilijaza chupa ya nusu lita na kuiweka mezani, mahali anapoiona. Akitaka maji, anakunywa humo. Akitaka chai, namtengenezea kikombe, kisha nachukua chupa, natoka naye mpaka mlangoni, namwaga kiasi kile kile kwenye shina la mwarobaini ulioko uani. Mbele ya macho yake. Niliona hiyo ndiyo njia ya kumfundisha hesabu ya mwili wake. Leo nikikumbuka nilivyosimama pale na chupa, mwalimu mzima, namwagia mti maji ya mtoto mwenye kiu, najichukia.

Hasira ninazo, sitaficha. Siku moja nilimkuta bafuni akinyonya kona ya taulo lililolowa. Nilimfokea mpaka majirani wakasikia. Tangu siku hiyo nikawa nalikamua taulo mwenyewe na kulianika juani, na akipiga mswaki nasimama mlangoni nikihesabu anachotema.

Jirani wa ukuta mmoja na sisi alikuwa mama wa Kisomali, mfanyabiashara wa vitambaa, aliyezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dadaab. Binti yangu alimwita *habaryar*, yaani mama mdogo, naye aliniita mwalimu, au *walaal*, ndugu, akitaka kunilainisha. Siku ya taulo alibisha hodi akaingia bila kungoja kukaribishwa.

"Bole, walaal," akaniambia, kwa ile p yake inayogeuka b. "Lakini sauti hiyo si ya mgonjwa. Hiyo ni sauti ya kufukuza mwizi wa ng'ombe."

Kisha akamgeukia binti yangu, akamshika kidevu. "Kambini sisi tulibimiwa maji na watu wa shirika. Foleni, na jerikeni, na kelele. Wewe unabimiwa na babako. Afadhali wewe."

Binti yangu akacheka. Mimi sikucheka, ila nilikaa chini.

Tangu hapo yule mama aliacha kutupikia chai tukimtembelea. Anayeijua desturi ya Wasomali ataelewa uzito wa jambo hilo. Mgeni anaingia, chai inaingia, ya maziwa na iliki na mdalasini, na sukari ya kumtosha mtu na mjukuu wake. Kwake sisi tulikaa mikono mitupu, yeye akiona aibu na sisi tukimwonea huruma, na birika limefichwa nyuma ya pazia.

Habari ya boba ilitoka kwenye simu. Binti yangu alikuwa anatazama wasichana wa Nairobi wa umri wake wakinywa chai baridi ya maziwa kwenye bilauri za plastiki, chini ya bilauri kumejaa vidonge vyeusi vinavyong'aa, wakivivuta kwa mrija mnene na kuvitafuna. Vidonge hivyo huitwa lulu za tapioka, na kinywaji chenyewe boba. Wiki nzima aliniletea simu hiyo usoni.

"Baba, si chai ndiyo nataka," akasema. "Nataka zile za chini. Za kutafuna. Mdomo wangu umekauka kama chaki."

Muuguzi wa mashine alikuwa amewahi kutuambia kwamba kutafuna kitu husaidia kutuliza kiu. Nikasoma, nikagundua tapioka si kitu kingine ila wanga wa muhogo. Muhogo wenyewe ulikuwa marufuku kwake, pamoja na ndizi na viazi na nyanya, kwa sababu ya potasiamu, ambayo ikizidi kwa mgonjwa wa figo inausimamisha moyo. Lakini wanga uliooshwa sawasawa hauna potasiamu ya kutisha. Nilimuuliza muuguzi, akasema wanga mtupu ni sawa. Hakuuliza nitaupikaje, nami sikumweleza.

Siwezi kueleza furaha niliyopata siku hiyo. Kwa mwaka mzima sikuwa na kitu cha kumpa mwanangu ila hapana. Sasa nilikuwa na kitu.

Na kukitengeneza nilijua. Kwetu muhogo ni ugali wa kila siku, na mama yangu alitoa humo wanga wa kukazia kanzu za kwaya ya kanisa. Nilimsaidia kila Ijumaa ya utoto wangu. Sokoni Garissa nikapata mihogo iliyofika kwa lori kutoka Pwani, mitamu, haijaanza kuweka mistari myeusi. Nikaimenya, nikaikuna, nikailoweka, nikaikamua kwa shuka safi. Maji meupe yakatulia kwenye beseni, wanga ukakaa chini. Nikamwaga maji ya juu, nikatia mengine, nikakoroga, nikangoja tena. Mara nne, nisibakishe potasiamu. Nilitumia ndoo tatu za maji. Yeye alikuwa amekaa kizingitini akinitazama nikiyamwaga uani, ndoo baada ya ndoo.

Ilikuwa Ramadhani. Yule mama alikuja saa nane mchana, saa ambayo hata mfungaji hodari huanza kuangalia saa, akakaa mkekani na sisi. Nilichemsha sukari guru na maji kidogo, nikaimimina ikiwa moto juu ya wanga, nikakanda mpaka ukawa donge la kahawia linalonata. Tukaanza kufinyanga vidonge, kimoja kimoja, ukubwa wa choroko iliyonona. Changu kilikuwa kikubwa, cha yule mama cha pembe, cha binti yangu cha duara kabisa. Tulifanya hivyo mchana kutwa.

"Leo sisi wote tuna kiu," yule mama akasema. "Mji mzima. Wewe si mgonjwa leo, wewe ni Mwislamu."

"Padre akisikia," binti yangu akajibu, "atanipimia na sakramenti."

Walicheka sana wawili wale, midomo yao mikavu. Binti yangu alikuwa ameniambia kabla kwamba Ramadhani ndio mwezi alioupenda kuliko yote, kwa sababu mji wote ulikuwa kama yeye. Kasoro ilikuwa saa ya magharibi. Adhana ikilia, mji mzima ukainua bilauri, yeye alibaki peke yake tena. Siku ile adhana ilipolia yule mama alishika tende na kikombe chake cha maji, akatuangalia, akaenda kunywa kwake, mlango umefungwa.

Lulu tulizichemsha kesho yake. Nusu saa na zaidi, mpaka zikawa nyeusi na kung'aa, kisha nikaziacha zilale kwenye shira yake. Mrija mnene haukupatikana Garissa nzima. Maduka yalikuwa na ile myembamba ya soda tu. Binti yangu ndiye aliyekumbuka jinsi watoto wa kwetu wanavyonywea maji kwa bua la jani la mpapai. Nikaenda mashambani kando ya Tana, nikaomba mabua manne, tukayachemsha kuondoa utomvu. Chai ikatoka kwa jirani: rangi ya mdalasini, maziwa kidogo, robo kikombe tu, imepozwa. Nikatoka na chupa, nikaumwagia mwarobaini robo kikombe, nikarudi.

Alivuta. Lulu ikapanda kwenye bua, ikamwingia mdomoni, akashtuka, akafumba macho, akaanza kutafuna. Alitafuna muda mrefu sana. Kisha akasema, "Baba, mdomo wangu umelowa."

Basi nikawa mtengenezaji wa boba. Kila siku baada ya shule nilichemsha bakuli jipya. Chai ilibaki ile robo kikombe, imepimwa na kumwagwa kama kawaida, lakini lulu niliziachia. Nakumbuka maneno yangu yenyewe, maana nimeyarudia kichwani mara nyingi mno. Nilimwambia, "Tafuna unavyotaka. Haya si maji."

Alitafuna. Alilala na bakuli kando ya kitanda. Nilimwona akinenepa uso, nikafikiri ni raha.

Jumapili ya pili, nilirudi kutoka kanisani saa sita nikamkuta ameketi kitandani wima, mikono magotini, akivuta pumzi kwa mabega. Kulala hakuweza. Akijaribu kuegemea mto anakohoa, na kikohozi kina povu. Yule mama alikuwa nyuma yake, amempakata, anamsomea dua. Nikapiga kelele uani mpaka tuktuk ikaja. Njiani alinishika mkono, kucha zake zimegeuka rangi, na kila shimo la barabara lilimtoa sauti.

Walimpima uzito kabla ya kumlaza kwenye mashine. Muuguzi akaangalia namba, akaangalia daftari, akaniangalia mimi. Kutoka Alhamisi alikuwa ameongeza kilo nne na zaidi. Yalikuwa maji, na sehemu yake ilikuwa kwenye mapafu.

"Amekunywa nini huyu?"

"Nusu lita," nikasema. "Napima mwenyewe."

"Mwalimu, mwili haudanganyi."

Hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo sitasamehewa na yeyote, maana aliyeweza kunisamehe hayupo. Nilimgeukia binti yangu. Alikuwa na barakoa ya oksijeni usoni. Kulikuwa na wagonjwa wengine watano kwenye mashine zao na jamaa zao kando yao. Nikamwuliza kwa sauti ya darasani:

"Umeiba maji wapi?"

Hakujibu.

"Nakuuliza! Kwa jirani? Bafuni? Nimekunyima nini mimi, hata unataka kujiua mbele yangu?"

Mzee mmoja wa mashine ya pili alisema, "Mwalimu, *bas*, muache." Yule mama akaanza kuapa kwa Mungu kwamba kwake mtoto hakunywa hata tone. Binti yangu alinitazama juu ya ile barakoa, akafumba macho. Nilichukua kimya chake kuwa ni kukiri.

Mashine ilimtoa maji saa nne mfululizo. Akapona, kwa kiasi cha kupona kwake. Jumatatu jioni niliachwa niende nyumbani kuoga, nikakuta sufuria ya boba jikoni, lulu za Jumamosi zimegandamana. Kando yake ilikuwa sahani ya zile kavu ambazo hazijapikwa. Nikaanza kuosha. Sijui ni kitu gani kilinifanya nisimame. Zile kavu za sahanini zingejaa kiganja. Idadi kama ile, zikishapikwa, zilijaza bakuli.

Kila mwaka nawapa kidato cha kwanza maharagwe makavu. Wanayapima, wanayaloweka usiku kucha, wanayapima tena, kisha nawauliza, kilichoongezeka ni nini? Hata mtoto wa mwisho darasani hunyoosha mkono.

Nilichukua lulu kavu kwa leso, nikaenda nazo shule, nikafungua maabara. Nikazipima kwenye mizani. Nikazichemsha kwenye bika, nikazichuja, nikazipima tena. Uzito ulikuwa umezidi maradufu. Nikakaa kwenye kiti cha mwanafunzi. Nilikuwa nimehesabu kinachotiririka, na kinachotafunwa nikakiita chakula. Kila siku kwa muda wa siku kumi nilikuwa nimempa mwanangu maji kwa bakuli, kwa mkono wangu, na sukari ya kumwongezea kiu, huku nikitoka na chupa uani kumwaga robo kikombe.

Nikarudi hospitalini. Alikuwa ameketi, barakoa imetolewa, midomo imepasuka. Nikapiga magoti kando ya kitanda, jambo ambalo sijawahi kufanya mbele ya mtu yeyote nje ya kanisa.

"Hukuiba maji," nikasema. "Yalikuwa kwenye lulu. Ni mimi."

"Najua," akasema.

"Umejuaje?"

"Bakuli lilikuwa linajaa, Baba. Na muuguzi alitufundisha, hata wali una maji. Nilijua tangu siku ya tatu."

"Mbona hukuniambia? Nilipokufokea mbele ya watu, mbona hukusema?"

Alifikiri kidogo. Alikuwa mtoto wa kufikiri kabla ya kujibu, tabia ambayo hakuichukua kwangu.

"Ulikuwa unafurahi," akasema. "Ulikuwa unarudi shule unaimba."

Nililia, akanipigapiga kichwani kwa ule mkono usio na sindano.

Baada ya hapo boba ilikuwa ya Jumamosi tu. Lulu kumi na mbili, zimepimwa kavu na kupimwa zikiiva, na tofauti yake naimwaga kutoka kwenye chupa. Yeye alizihesabu mwenyewe. Alizitafuna moja moja, akizungumza na yule mama, na zile kumi na mbili zilimaliza alasiri nzima.

Tulikwenda hivyo mpaka mvua za Novemba. Mashine huunganishwa na mwili kupitia mshipa, na mishipa yake ilikuwa inaziba mmoja baada ya mwingine: mkono wa kushoto, wa kulia, shingo pande zote mbili, paja. Siku moja daktari aliniita kwenye korido. Alikuwa kijana, wa bara pia, alinisalimia kwa heshima kana kwamba nilimfundisha. Akaniambia hawana tena mahali pa kuunganisha. Walikuwa wamepiga simu Nairobi, jibu lilikuwa lile lile. Akatazama viatu vyake.

"Mpeleke nyumbani, mwalimu," akasema. "Mpe anachotaka."

Mwaka mmoja na nusu nilikuwa nimeomba kuyasikia maneno hayo. Mpe anachotaka. Nilirudi wodini nikamwambia tunaenda nyumbani, siku za mashine zimebadilishwa, tutaitwa. Akasema sawa. Mama yake alikuwa njiani kutoka magharibi, safari ya siku mbili.

Nyumbani nikamwuliza anataka nini.

"Boba," akasema. "Kubwa."

Wanga ulikuwepo. Nikakanda. Yule mama akaja na birika lake waziwazi, chai ya mgeni, maziwa tele, iliki, mdalasini, sukari yote. Aliiweka mezani akatoka haraka, nikamsikia uani akilia kwa Kisomali. Nikachemsha lulu bila kuzihesabu. Nikachukua bilauri kubwa kuliko zote ndani ya nyumba, nikajaza lulu nusu yake, nikamimina chai mpaka ukingoni, nikatia na barafu. Bua la mpapai lilikuwa bichi, nimelikata asubuhi ile.

Nikampelekea. Aliishika bilauri kwa mikono miwili, ikawa nzito, nikamsaidia kuishika. Aliinusa. Alipeleka mdomo kwenye bua, kisha akasita.

"Umepima?" akaniuliza.

Chupa ya nusu lita ilikuwa mezani nyuma yangu, mahali pake pa siku zote, imejaa mpaka shingoni. Alikuwa anaiona juu ya bega langu.

"Nimepima," nikasema.

Aliiangalia chupa, akaniangalia mimi. Kisha akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeridhika na hesabu, akaanza kunywa. Alikunywa taratibu mpaka chini, na ilipoisha alivuta tena na tena mpaka bua likatoa sauti ya hewa tupu.